Ndege wa majini Arusha na Moshi: anza na maji, si na ndege

Ujumbe ninaoupokea mara nyingi kuliko wote ni huu: "Kaka, heroe wapo Momella wiki hii?" Hilo ni swali ambalo hata askari wa getini hawezi kukuhakikishia. Heroe ndio wale flamingo, na heroe mdogo anaishi kwa mwani, na mwani wa ziwa hauna ratiba. Ukishamiri, wanakuja kwa wingi mpaka ukingo unageuka waridi. Ukipungua, wanaondoka usiku, na wewe uliyetoka Dar na familia unakuta maji matupu. Kwa hiyo mimi huwaambia watu waulize jambo jingine: maji haya ni ya namna gani? Ukilijua hilo, nusu ya ndege utakaowakuta umeshawajua.

Chukua hayo hayo maziwa ya Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha. Yana magadi, yanalishwa zaidi na maji yanayopita chini ya ardhi, na kila moja lina madini yake, mwani wake na rangi yake. Ndiyo maana ziwa moja linaweza kujaa ndege huku la jirani lina vibisi wawili tu wanaozama na kuibuka. Usisimame kwenye la kwanza ukaridhika au ukanuna. Yazunguke yote.

Ukimkuta heroe, tazama mdomo kabla ya manyoya. Mdomo wa rangi nyekundu iliyokoza hadi kukaribia weusi ni wa heroe mdogo. Wa waridi wenye ncha nyeusi ni wa heroe mkubwa, ambaye pia ni mrefu na mweupe zaidi. Wote wanakula kichwa kikiwa kimepinduliwa, lakini mdogo anachuja mwani karibu na uso wa maji, na mkubwa anachokoa topeni kutafuta wadudu na vikamba vidogo. Wanashiriki ziwa moja bila kugombania sahani. Wale wa kijivu si wagonjwa, ni vijana. Ila viota usivitafute hapo. Kwa Afrika Mashariki, heroe mdogo anategemea Ziwa Natron kuzaliana, kwenye tope la magadi linalochoma, mahali ambapo fisi na mbweha hawathubutu kukanyaga.

Duluti, pale Tengeru, ni kinyume chake kabisa. Ni ziwa la kreta, maji baridi, kingo zimesimama na msitu umeshuka hadi majini. Tope la kutembelea hakuna, basi usitarajie wenye miguu mirefu kwa wingi. Ni makazi ya wapiga mbizi na wavizia: mnandi na mbizi wanaozamia samaki, mdiria anayechupa majini kutoka tawini, na furukombe, yaani tai mla samaki. Acha kukodolea macho katikati ya ziwa. Tafuta magogo na matawi makavu yaliyoinamia maji. Manyoya ya mbizi yanalowa maji, jambo linalomsaidia kuzama, kwa hiyo akitoka lazima atandaze mbawa juani. Hapo ndipo utamwona vizuri, shingo yake kama nyoka. Furukombe utamsikia kwanza. Jumatano na Jumamosi ni siku za soko Tengeru; ndege hawajali, lakini daladala itakuchelewesha.

Kuhusu darubini: 8x42, yaani inayokuza mara nane na yenye lenzi za mbele za milimita 42, inatosha. Zile za barabarani zilizoandikwa 60x usizinunue, mkono ukitikisika kidogo huoni kitu. Asubuhi kaa upande wa mashariki wa maji, jua liwe mgongoni. Shati jeupe liache nyumbani.

Lakini kama nina nauli ya kwenda mahali pamoja tu, nakwenda kwenye mpunga. Mashamba ya umwagiliaji ya Lower Moshi, Mabogini na Chekereni, yana ndege wengi kuliko watu wanavyodhani, na kiingilio hakuna. Hapa unasoma kalenda ya mkulima. Pawatila, ile trekta ndogo ya kusukuma kwa mikono, ikiingia kwenye jaruba, yangeyange wanaifuata nyuma kuokota vyura na minyoo. Mpunga ukiwa umepandikizwa na maji bado ni ya kifundoni, wanakuja kitwitwi, ndege wadogo wa kutembea topeni, na kati ya Oktoba na Aprili wengi wao wametoka Ulaya na Urusi kukimbia baridi. Yupo pia korongo ambaye mdomo wake haufungi katikati, una uwazi. Huyo ni bingwa wa konokono. Mpunga ukikomaa, basi tena. Ni zamu ya kwelea kwelea, na watoto wanaoamia ndege kwa kombeo na madebe. Ukisikia kwamba kwelea wamepigwa dawa, usiende, na usiokote ndege yeyote aliyekufa.

Salimia kabla ya kukanyaga ukingo wa jaruba la mtu. Mgeni mwenye darubini na daftari anayekatiza bila hata shikamoo anadhaniwa ni mpima ardhi, na mpima ardhi hakaribishwi chai.

Mwenye siku nzima ashuke Nyumba ya Mungu, bwawa linalopokea Kikuletwa na Ruvu. Huko kwenye vidimbwi vya pembeni vyenye mayungiyungi ndiko nilikomfuatilia sile-maua kwa utulivu. Vidole vyake ni virefu mno, uzito unasambaa, anatembea juu ya majani bila kuzama. Kwa ndege huyu dume ndiye anayeatamia na kulea. Jike, ambaye ni mkubwa kuliko yeye, anaweza kuwa na madume kadhaa. Siku hiyo nilimwona dume ambaye miguu ilikuwa imezidi idadi. Nyuzi nyembamba zilikuwa zinaning'inia chini ya mbawa zake, zikitikisika kila akipiga hatua. Kumbe amewabana vifaranga kwapani. Alikatiza majani nao, akafika upande wa pili, akalegeza mbawa, wakadondoka mmoja mmoja na kuanza kudonoa kana kwamba hakuna lililotokea.

Bwawa hilo lina mamba na viboko. Waulize wavuvi pa kusimama, na wakikuambia rudi nyuma, rudi kwanza, sababu utaiuliza baadaye.