Maji ya Mvua kwa Kazi ya Kuosha Vioo: Usiiamini Mita Peke Yake

Madoa meupe yanayobaki kwenye kioo baada ya maji kukauka ni madini, hasa kalisi na magnesi, ambayo maji ya bomba au ya kisima yalikuja nayo. Maji huvukia, madini hubaki. Anayefanya kazi kwa ndoo, sabuni na mpira wa kukaushia hasumbuliwi sana na jambo hili, kwa sababu maji huyaondoa kabla hayajakauka yenyewe. Lakini kwa sisi tunaotumia mpini mrefu unaopitisha maji hadi kwenye brashi, tukasuuza kioo na kukiacha kikauke, ubora wa maji ndio unaoamua kama mteja atatuita tena.

Maji ya mvua yanavutia kwa kuwa yameshavukizwa, na madini mengi yameachwa nyuma. Mita ndogo ya mkononi ya kupima chumvi zilizoyeyuka, ikitumbukizwa kwenye maji magumu ya bomba, inaweza kusoma miligramu 300 kwa lita au zaidi. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri mara nyingi husoma chini ya 20. Wengi katika kazi hii hutaka maji yasiyozidi 10, na wanaojali sana hutaka sifuri. Kwa hiyo mvua hukufikisha karibu na mlango bila kukuingiza ndani, na ushauri wangu ni kuyapitisha maji hayo kwenye resini ya kuondoa madini, yaani punje ndogo za plastiki zinazoyakamata, badala ya kuyatumia moja kwa moja. Hapo ndipo faida ilipo: resini huchoka kulingana na wingi wa madini inayoyakamata, hivyo resini inayolishwa maji ya 15 itahudumia takriban mara ishirini ya maji ambayo ingehudumia kama ingelishwa maji ya 300. Tena hutahitaji mtambo wa kusukuma maji kupitia utando, ambao mara nyingi humwaga nusu ya maji au hata zaidi ili kukupa yaliyo safi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi hulipuuza. Mita hiyo hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, kisha hukadiria chumvi kutokana na hapo. Kisichopitisha umeme haikioni. Maji ya majani yaliyooza kwenye mfereji wa paa, masizi, chavua na mwani vinaweza kuwemo kwa wingi huku mita ikionyesha 8, nawe ukaondoka kazini ukiamini umemaliza. Ndiyo maana mimi hupima kwa macho pia. Jaza glasi isiyo na rangi, weka karatasi nyeupe nyuma yake, uangalie kama maji yana rangi ya chai hafifu. Kisha dondosha matone machache kwenye kioo cha kujitazamia, uyaache yakauke kivulini, na ukitazame kioo kwa ubavu kwenye mwanga. Madini huacha alama nyeupe kavu inayofanana na unga. Uchafu wa majani huacha pete ya kahawia ambayo ukiigusa kwa kidole kilicholowa husambaa kama mafuta. Ukiiona pete hiyo, weka chujio la kukamata mashapo na baada yake chujio la mkaa, vyote viwili kabla ya resini, kwa kuwa uchafu huo huiziba resini pia na kuifanya ichoke kabla ya wakati wake.

Heri zaidi kuuzuia uchafu usiingie. Paa la bati lililopakwa rangi ni zuri. Vigae vya zege huongeza kalisi kwenye maji, na paa lililonyunyiziwa dawa ya kuua kuvu au lenye asbesto liache kabisa. Mti ulioinamia paa ni tatizo la kila msimu, nami ningekata tawi kabla ya kununua chujio la pili. Karibu na bahari, upepo huleta chumvi hadi juu ya paa, na hiyo mita itaiona. Popote ulipo, maji ya kwanza ya mvua baada ya ukavu yamwage. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo kwa paa la mita 50 za mraba, kumwaga milimita ya kwanza ni kupoteza lita 50 tu, nazo ndizo zenye vumbi na kinyesi cha ndege.

Tangi liwe la rangi nzito lisilopitisha mwanga, kwani mwani hauoti gizani, na kila tundu lizibwe kwa wavu kwa ajili ya mbu. Bomba la kuingizia lipinde mdomo juu karibu na sakafu ya tangi ili maji yasivuruge tope, na la kuchotea lining'inie kwenye boya, chini kidogo ya uso wa maji. Usitie klorini: huongeza usomaji wa mita na huila resini. Hata hivyo, afya isisahauliwe. Maji yaliyotuama katika joto la nyuzi 20 hadi 45 za Selsiasi yanaweza kukuza bakteria wa lejionela, nao huingia mapafuni kupitia matone madogo kama yale yanayorushwa na brashi. Kwa sababu hiyo tangi la garini na mipira yake nisipovihitaji huviacha vitupu, hasa siku za jua.

Kiangazi kitafika na tangi litapungua. Kishawishi kitakuwa kujazia kwa maji ya bomba, lakini fanya hesabu kwanza: lita 300 za mvua zenye 10, zikichanganywa na lita 100 za bomba zenye 300, hutoa maji yenye zaidi ya 80. Robo moja tu imeharibu akiba nzima. Ni afadhali maji ya bomba yawe na tangi lake na chujio lake, na ya mvua uyatunze kwa vioo vya juu ambavyo huwezi kuvirudia kwa kitambaa.