Kwa Anayeanza Kutambua Kambare kwa DNA

Maji ya Mto Nairobi huingia katika Mto Athi, ambao mbele huitwa Galana, kisha Sabaki, hadi unapomwaga maji yake baharini kaskazini mwa Malindi. Nimeanza na safari hiyo kwa sababu wanafunzi wengi wanaojiunga na maabara hapa Nairobi hudhani kwamba kazi ya kutambua samaki wa mlango wa mto huanza mashine inapowashwa, ilhali makosa yasiyoweza kusahihishwa huwa yameshatendeka kule ufukweni.

Mahali maji matamu yanapokutana na ya chumvi, kambare wa mtoni, Clarias gariepinus, anaweza kuvuliwa jirani na kambare wa baharini wa jamii ya Ariidae, na pia Plotosus lineatus, kambare mwingine mwenye miiba yenye sumu. Hawa watatu utawatofautisha kwa macho. Tabu ni Ariidae wao kwa wao, hasa wachanga, ambao wataalamu huwapambanua kwa kukagua mabaka ya meno kwenye kaakaa. Hapo ndipo msimbopau wa DNA, yaani kipande kifupi cha DNA kinachosomwa ili kutambua spishi, unapofaa. Mwaka 2003 Paul Hebert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walipendekeza kipande cha jeni ya COI, chenye besi (herufi za DNA) zipatazo 650, kitumike kutambua spishi za wanyama.

Niliporudi na sampuli zangu za kwanza, vichupa vilikuwa vimevuja kidogo njiani, na ethanoli ilikuwa imefuta namba nilizoziandika kwa kalamu iliyouzwa kama isiyofutika. Nyama ilikuwa salama na DNA ilikuwa nzuri, lakini sikujua kipi kilitoka kwa samaki yupi, na ikanibidi nivitupe vyote. Tangu siku hiyo huandika kwa penseli kwenye kikaratasi kigumu na kukitumbukiza ndani ya kichupa.

Mpige samaki picha ya ubavu wa kushoto kwanza, kisha kata kipande cha nyama au pezi upande wa kulia, ili ule wa kushoto ubaki mzima kwa atakayemchunguza baadaye. Kambare hana magamba, ana utelezi, na utelezi wa samaki mmoja hubeba chembe zake hadi kwa mwenzake waliyelazwa naye kwenye beseni. Kwa hiyo mwoshe, pangusa mahali utakapokata, na safisha kisu kila unapohamia samaki mwingine. Weka kipande katika ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, nawe uibadilishe baada ya siku moja, kwani maji ya nyama huipunguza nguvu. Fomalini isiguse sampuli ya DNA kabisa. Mwili wa samaki unaweza kuhifadhiwa humo, lakini baada ya kukatwa kipande.

Kuhusu maabara sina mengi: fuata maelekezo, na usiendeshe PCR, mbinu ya kunakili DNA mara nyingi, bila kichupa kimoja kisichotiwa DNA. Kichupa hicho kikionyesha mstari kwenye jeli, kuna uchafu mahali, na hata matokeo unayoyapenda hayaaminiki.

Utakapolinganisha mfuatano wako wa besi na ile iliyo katika hifadhidata kama BOLD au GenBank, usifurahie kufanana kwa asilimia 99 kabla ya kuuliza nani alimpa jina samaki aliyetoa mfuatano ule wa hifadhidata, na kama mwili wake umehifadhiwa popote. Mfuatano uliopewa jina lisilo lake huwaambukiza wote wanaoutegemea. Tofauti ya asilimia 2 ambayo wengi huichukua kama mpaka wa spishi ni kipimo cha kukadiria tu. Kumbuka pia kwamba COI hurithiwa kwa mama: chotara wa Clarias gariepinus na Heterobranchus, jenasi nyingine ya kambare, wanaozalishwa na wafugaji wa Nigeria, husomeka kwa jina la mama pekee, hata baba awe nani.

Kwa sababu hiyo, peleka mwili wa samaki kwenye mkusanyiko wa kudumu, kama ule wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya hapa jijini, na uandike namba ya chupa yake katika safu ileile yenye mfuatano wake. Mtu akikupinga baada ya miaka kumi, mtamfungua samaki mdomo mkaangalie kaakaa pamoja.