Alimeza kidonge klabu akaanza kuchemka mwili, tungemuacha alale tu?

SWALI: Anti shikamoo. Nina miaka 22. Juzi tulitoka klabu na washkaji, mmoja wetu akapewa kidonge cha ekstasi na mtu hata hatumjui, nusu saa ikapita akaona hakimchukui akaongeza kingine. Baadae mwili ukawa wa moto, anasaga meno, anaongea vitu havieleweki. Wengine wakasema tumnyweshe maji mengi sana, wengine tumlaze kwenye gari ataamka fresh, na hakuna aliyetaka kupiga simu maana tuliogopa polisi. Asubuhi akapata nafuu. Je, tulifanya sawa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nashukuru yuko hai, lakini hapana, hamkufanya sawa, na hiyo ya kumlaza kwenye gari ndo imenitisha kuliko zote.

Ekstasi, yaani MDMA, inachukua nusu saa mpaka saa nzima ndo ianze kupanda, wakati mwingine zaidi, sasa mtu akiongeza kwa kuona ya kwanza haifanyi kazi anakuja kupandiwa na zote mbili kwa mpigo. Halafu nani kawaambia ilikuwa ekstasi kweli? Kuna vidonge vinauzwa kwa jina hilo kumbe ndani ni PMA, dawa nyingine ya kulevya ambayo inachelewa zaidi kupanda na ni sumu kali zaidi, na huwezi kuijua kwa rangi wala kwa nembo.

Kinachoua sana hapo ni joto. Dawa yenyewe inapandisha joto la mwili, klabu watu wamebanana hewa hakuna, na mtu anadansi masaa hasikii uchovu wala kiu, joto likishapita nyuzi 40 misuli inaanza kuharibika, figo na ini zinazidiwa, anaweza kufa. Na maji nayo yana kipimo jamani. Dawa hiyo hiyo inafanya mwili ushikilie maji, ukimjaza lita kwa lita chumvi kwenye damu inashuka na ubongo unavimba. Anayecheza anywe taratibu, kama nusu lita kwa saa, aliyekaa nusu ya hapo, na asiyejitambua msimpe kitu chochote mdomoni.

Siku nyingine (naomba isiwepo) mtoeni kwenye joto, mpunguzeni nguo, mlowesheni mwili kwa maji, mpepeeni, pigeni simu ya dharura hapo hapo. Akizimia ila anapumua mlazeni ubavu na mtu asibanduke. Daktari mwambieni ukweli wote, kameza nini, saa ngapi, na pombe alikunywa kiasi gani, maana bila hivyo anatibu kwa kubahatisha.

Na msidanganywe na kukoroma. Mtu aliyechanganya GHB (dawa ya kulevya inayolaza) na pombe, au aliyetumia kitu chenye fentanili, dawa kali ya maumivu ya jamii ya heroini, bila kujua (miligramu 2 tu zinaweza kuua), akikoroma kwa shida hivyo pumzi ndo inakata, hajalala huyo. Kwa fentanili kuna dawa ya kuokoa inaitwa naloksoni ila lazima iwahi.

Sasa mpigie mwenzio leo umuulize mkojo wake ukoje. Kama umekuwa mweusi rangi ya chai ya rangi, au misuli inamuuma sana, au anakojoa kidogo mno, mpeleke hospitali sasa hivi, hizo ni dalili figo zimeguswa hata kama yeye anasema yuko poa.