Sparkasse ya Oldenburg ni mali ya nani? Jibu la mtu aliyeweka na kukopa huko

Ndugu uliyeanzisha uzi huu umeuliza mambo mawili: kama Landessparkasse zu Oldenburg, yaani Sparkasse (benki ya akiba) ya eneo la Oldenburg huko Ujerumani, ni benki ya serikali au ni chama cha akiba na mikopo kama hivi vyetu vya SACCOS, na kama inafaa ufungue akaunti huko utakapokwenda kusoma mwezi wa kumi. Waliotangulia kukujibu wamegawanyika, wapo wanaosema ni ya serikali na wapo wanaosema ni ya wanachama, na kwa maoni yangu pande zote mbili zimekosea. Nimeishi eneo hilo miaka kumi na moja. Nilikwenda kusoma nishati jadidifu katika Chuo Kikuu cha Oldenburg, nikabaki kufanya kazi, na baadaye nikafungua karakana ndogo ya kufunga na kutengeneza paneli za jua katika wilaya ya Ammerland kwa mkopo wa Sparkasse hiyo hiyo. Swali la umiliki nimelazimika kulielewa kwa sababu ndilo lililoamua nikopeshwe au nisikopeshwe.

Benki hiyo ilianzishwa mwaka 1786, wakati Oldenburg ilipokuwa utawala mdogo unaojitegemea kaskazini-magharibi mwa Ujerumani. Aliyeianzisha ni Peter Friedrich Ludwig, ambaye alitawala kwa niaba ya binamu yake kwa kuwa maradhi ya akili yalimzuia binamu huyo kushika madaraka. Alikuwa akipanga upya huduma za maskini, na kasha la akiba, ndivyo lilivyoitwa wakati huo, lilikuwa sehemu ya mpango huo. Mtumishi wa nyumbani au kibarua wa shambani aliyepata ujira wake hakuwa na mahali pa kuuweka ila sandukuni au mikononi mwa tajiri wake, na benki za wakati ule zilikuwa za wafanyabiashara wakubwa zisizopokea vijisenti. Fikra ilikuwa kwamba mtu akiwekewa mlango wa kuhifadhi kidogo kidogo, hatakuwa mzigo wa mfuko wa maskini atakapozeeka au kuugua. Hamburg walikuwa wametangulia mwaka 1778, lakini kasha lao halikuvuka miaka ya kutawaliwa na Wafaransa, na kwa hiyo hii ya Oldenburg ndiyo inayohesabiwa kuwa benki ya akiba kongwe kuliko zote duniani ambazo bado zinafanya kazi.

Mwaka 1801 mji wa Göttingen ulianzisha ya kwake na mji wenyewe ukasimama kama mdhamini, na huo ndio mfano ulioenea. Prussia, dola kubwa ya Kijerumani ya wakati huo, ikatunga kanuni zake mwaka 1838, miji na wilaya zikaanzisha mamia ya benki za namna hiyo. Angalieni jambo moja hapo: hakuna aliyenunua hisa. Mji haukuweka mtaji ili upate faida, uliweka jina lake na ahadi kwamba amana za watu hazitapotea. Mtaji ulijengeka pole pole kutokana na faida iliyobaki ndani mwaka baada ya mwaka.

Ndiyo maana mpaka leo Wajerumani hawasemi Sparkasse ina mmiliki. Husema ina Träger, yaani mbebaji, na mimi ningependa kumwita mlezi. Mlezi wa benki ya Oldenburg ni umoja wa halmashauri: miji miwili, Oldenburg na Delmenhorst, pamoja na wilaya sita za Ammerland, Cloppenburg, Friesland, Oldenburg, Vechta na Wesermarsch. Halmashauri hizo hazina hisa za kupeleka sokoni. Serikali kuu ya Berlin haina sauti humo, na jimbo la Niedersachsen linatunga sheria ya benki hizi na kusimamia ifuatwe, lakini haliziendeshi. Mimi ni mtu wa Pangani, na kwa waliokulia pwani mfano ulio karibu zaidi ni wakfu: nyumba ya wakfu ina msimamizi, ina watu wanaonufaika nayo, ina madhumuni yaliyowekwa, lakini hakuna awezaye kusema ni yangu nikaiuze. Najua mfano huu una kikomo, kwa sababu wakfu na riba havikai pamoja, lakini katika suala hili la umiliki sijapata mfano bora zaidi.

Kwa upande wa SACCOS, ndugu zake wa kweli Ujerumani ni zile ziitwazo Volksbank na Raiffeisenbank. Hizo ni za ushirika, unanunua hisa, unakuwa mwanachama, unapiga kura na kupata gawio. Katika wilaya za Vechta na Cloppenburg, kwenye wafugaji wengi wa nguruwe na kuku, zina nguvu sana na zinashindana na Sparkasse mtaa kwa mtaa. Kwenye Sparkasse wewe ni mteja tu, huna hisa wala kura. Anayekuwakilisha, kama tunaweza kusema hivyo, ni diwani uliyemchagua au mkuu wa wilaya, kwa sababu baraza la usimamizi wa benki limejaa watu walioteuliwa na halmashauri, pamoja na wawakilishi wa wafanyakazi. Chini ya baraza hilo ipo menejimenti ya wataalamu wa benki wanaoendesha kazi za kila siku, na sheria haiwaruhusu wanasiasa kuingilia mkopo wa mtu mmoja mmoja wapendavyo.

Kuna kanuni nyingine inayowashangaza wageni, nayo ni ya eneo. Sparkasse inafanya biashara ndani ya mipaka ya walezi wake. Wilhelmshaven iko jirani kabisa, lakini ina Sparkasse yake, na ya Oldenburg haiendi kufungua tawi huko. Amana za watu wa Ammerland na Vechta zinatakiwa zirudi kuwa nyumba, mabanda ya mifugo na karakana za huko huko. Wapo waliojaribu kuuvunja utaratibu huu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mji wa Stralsund, kwenye pwani ya Baltiki, ulikuwa na madeni na ukafikiria kuiuza Sparkasse yake, ndipo jimbo lake likabadilisha sheria ili kuzuia mauzo hayo. Naunga mkono uamuzi ule, kwa sababu waliojenga mtaji wa benki ile ni wateja wa vizazi vingi, na madiwani wa kipindi kimoja hawakuwa na haki ya kuutumia kulipa madeni ya mji.

Lakini nisikupambie historia, maana si yote iliyokuwa njema. Mama mwenye nyumba niliyopanga kwanza, pale Rastede, alinionyesha siku moja kitabu cha akiba cha marehemu baba yake. Kilikuwa kimefungwa kwa utepe, karatasi zimegeuka rangi ya chai, na maandishi ya mkono ya karani yamelala upande mmoja, safi kabisa. Miaka ya vita salio lilikuwa likipanda kila mwezi, kwa sababu madukani hapakuwa na kitu cha kununua na watu waliweka tu. Mstari wa kabla ya mageuzi ya sarafu ulisomeka Reichsmark 1,240, ndiyo sarafu ya wakati huo. Kisha inakuja Juni 1948, sarafu mpya ya Deutsche Mark, na hesabu ilipomalizika mzee alibaki na Mark 80 na senti 60. Mama yule aliweka kidole juu ya mstari ule akasema baba yake hakulalamika hata mara moja, ila tangu siku hiyo alipopata fedha alinunua mbao.

Nilikwenda kutafuta kilichotokea. Fedha zote hizo zilizowekwa wakati wa vita serikali ya Wanazi ilizichota kimya kimya, kwa kuzifanya benki za akiba zinunue hati za deni la serikali hiyo. Mwenye kitabu aliona salio lake linakua na hakujua kwamba lilikwisha kugeuka mizinga. Vita vilipokwisha hati zile hazikuwa na thamani, na kila Reichsmark 100 za akiba zikaishia kuwa Mark 6 na senti 50. Nayo ilikuwa mara ya pili katika umri wa mtu mmoja, kwa kuwa mwaka 1923 mfumuko wa bei ulikuwa umekwisha kula akiba za nchi nzima, ikafika mahali Mark trilioni moja za karatasi zikabadilishwa kwa Rentenmark moja, sarafu mpya iliyotolewa kuukomesha mfumuko huo. Kwa hiyo ukiambiwa Mjerumani anaogopa mfumuko wa bei kuliko tunavyoogopa ukame, usione ajabu.

Muundo wa leo ulizaliwa kabla ya misiba hiyo miwili na katikati yake. Johann Christian Eberle, meya wa mji mdogo wa Nossen huko Saxony, aliona kwamba mwenye kibanda cha useremala anahitaji kulipa na kulipwa bila kubeba fedha taslimu, na kuanzia mwaka 1909 akaunganisha benki za akiba za Saxony katika mtandao wa kuhamisha fedha kutoka akaunti hadi akaunti. Mtandao ukaenea nchi nzima, na mwaka 1924 vikaungana vyama vyao kuwa kimoja cha taifa, ambacho hadi sasa kinazisemea zote. Halafu mwaka 1931, katika msukosuko mkubwa wa mabenki, ilionekana kwamba miji mingi ilikuwa imezoea kukopa kutoka katika Sparkasse zake yenyewe kama mtu anayechota mfukoni mwake. Kwa amri ya dharura benki hizi zikatengwa na hazina za miji na kuwa mashirika yenye nafsi yake kisheria. Kama kungekuwa na tarehe moja tu ya kukumbuka katika habari hii yote, ningechagua hiyo.

Sasa kuhusu mkopo wangu. Nilianza kwa benki moja kubwa yenye makao mbali na huko. Ilinijibu kwa barua ya mistari miwili kwamba ombi halikidhi vigezo, bila mtu yeyote kuniona. Sparkasse walimtuma afisa wa mikopo ya biashara aje karakanani. Alipita na kusoma oda zangu moja baada ya nyingine, akauliza majina ya wakulima waliozitoa kwa kuwa wengine aliwafahamu, kisha akapiga goti kwenye pembe ya ukuta wa nyuma, akaugusa kwa kiganja na kusema una unyevu, betri zisihifadhiwe hapo. Niliomba euro 60,000. Alinipa 38,000, na akanieleza kwa kalamu ni gari lipi nisilinunue mwaka ule. Sehemu ya mkopo ilitoka KfW, benki ya maendeleo ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1948, ambayo kwa kawaida haipokei mwombaji mlangoni kwake bali hupitia benki ya mteja. Ina maana kwamba kama Sparkasse isingekubali kunibebea maombi yale, mlango wa KfW pia ungekuwa umefungwa kwangu.

Umeuliza pia usalama wa amana. Ule udhamini wa miji niliousimulia haupo tena: Tume ya Ulaya iliuona kuwa ni upendeleo dhidi ya benki binafsi, na ulifutwa Julai 2005. Kinachokulinda leo ni sheria ya kulinda amana hadi euro 100,000 kwa kila mteja, na juu ya hiyo upo mfuko wa pamoja ambao kwa huo benki za kundi hili huokoana kabla mojawapo haijaanguka. Uokoaji huo una gharama, na gharama ililipwa mwaka 2019 pale Nord/LB, benki ya jimbo iliyopo Hannover na iliyo ya kundi hili hili, ilipozama katika mikopo mibaya ya meli. Ilihitajika takriban euro bilioni 3.6, na Sparkasse za nchi nzima zikachangia pamoja na majimbo. Fedha za wafugaji wa Vechta hazikuwa zimekopesha meli, lakini kupitia mfuko ule nao walibeba sehemu ya mzigo, na hilo linastahili kusemwa wazi.

Mengine ya kuyajua ni mafupi. Matawi yanapungua, na Sparkasse zenyewe zinaungana: mwaka 1990 zilikuwa zaidi ya 700, leo hazifiki 360. Akaunti hulipiwa ada kila mwezi, wakati benki za mtandaoni mara nyingi ni bure. Na kipindi cha riba ndogo Sparkasse nyingi ziliwakatizia wateja mikataba ya zamani ya akiba yenye bonasi inayopanda kadiri miaka inavyopita. Mahakama Kuu ya Shirikisho iliamua mwaka 2019 kwamba zinaruhusiwa kufanya hivyo bonasi ikishafika kilele, lakini mwaka 2021 ikaamua pia kwamba vifungu vilivyozipa benki uhuru wa kubadili riba zitakavyo havikuwa halali, na wateja wengi wakawa na haki ya kudai nyongeza.

Kwa upande wako wewe mwanafunzi, tenganisha mambo mawili. Akaunti ya kuzuiliwa, yaani ile ya kuthibitisha kwamba una fedha za kujikimu, ambayo inatakiwa kwa ajili ya viza, utaifungua kabla ya kusafiri, na wengi huifungulia kwa watoa huduma wa mtandaoni. Sparkasse utakwenda ukishafika, ukiwa na pasipoti, cheti cha kujiandikisha makazi kutoka ofisi ya mji, na barua ya chuo. Ukikutana na mtu wa kaunta anayesita, omba kwa utulivu Basiskonto: tangu Juni 2016 kila anayeishi kihalali katika Umoja wa Ulaya ana haki ya akaunti hiyo ya msingi, na ombi lako likikataliwa lazima upewe sababu kwa maandishi. Nenda asubuhi, siku ya kazi, na ikiwa Kijerumani bado kinakusumbua omba miadi mapema ili wakutafutie mhudumu anayezungumza Kiingereza. Mimi nilikwenda bila miadi siku ya Ijumaa mchana, nikarudishwa hadi Jumatatu.