Hili halinunuliki: kikundi kinapogawanyika juu ya haki na dhuluma

Msomaji ameandika kwamba kamati yao ya watu saba, iliyopitisha bajeti bila mvutano, imekwama miezi miwili kwa swali moja: wapokee fedha za mfadhili ambaye wajumbe wawili wanasema amedhulumu watu? Wenzao waliwaahidi wawili hao nyadhifa ili walegeze msimamo. Sasa hata salamu hakuna.

Ahadi ile ndiyo iliyoharibu. Anayesema "napenda hivi" utapatana naye: mpe hiki, akuachie kile. Anayesema "hii ni dhuluma", ukimwekea kitu mezani anaona unamhonga. Mwaka 2007 Jeremy Ginges, Scott Atran na wenzao walichapisha utafiti kuhusu Waisraeli na Wapalestina. Kwa walioliona jambo linalogombaniwa kuwa takatifu, nyongeza ya fedha kwenye mapatano iliwazidishia hasira. Kilichowapoza ni upande wa pili nao kuachia kilicho kitakatifu kwake.

Basi mwite kila mjumbe kando, umuulize: "Yapo masharti yoyote yatakayokufanya ukubali?" Akitaja sharti, pataneni. Akisema hakuna, acheni kabisa habari ya kupeana.

Wala msiwaone wale wawili wasumbufu! Hasira hiyohiyo ndiyo inayolinda mfuko wenu. Katika jaribio la Ernst Fehr na Simon Gächter la 2002, watu wanne wanne walipewa pointi 20 kila mmoja wachangie mfuko wa pamoja. Wengi walitoa pointi 1 yao ili mkwepaji akatwe 3, ingawa hawangekutana naye tena, na michango ikapanda.

Linda Skitka na wenzake (2005) waliona kwamba kadiri msimamo wa mtu ulivyogusa maadili, ndivyo alivyosogeza kiti chake mbali na anayepingana naye. Vikundi vilivyogawanyika hivyo vilipata taabu hata kupanga namna ya kuamua. Ndiyo maana utaratibu huandikwa mapema: akidi (idadi ya chini ya wajumbe wanaohitajika kikaoni), kura ya siri, theluthi mbili kwa mambo ya dhamiri (kwa watu saba ni kura tano), na ruhusa ya aliyeshindwa kubaki mjumbe bila kutia sahihi, sababu zake zikiingia kwenye kumbukumbu za kikao. Hilo la mwisho hupuuzwa sana. Likikosekana, walioshindwa huanza kuchelewa, kisha hawaji, kisha michango yao inakatika.

Kwenu moto umeshawaka. Tafuteni mtu wa nje anayeheshimiwa na pande zote, aongoze kikao cha utaratibu pekee, mfadhili asitajwe. Na kabla ya siku hiyo, walioahidi nyadhifa wawaombe radhi wale wawili, mbele ya wote saba.