Barua kwa mwanangu Riziki: Niliyeshika tochi

Grand Rapids, Michigan, Jumatano usiku

Mama yangu Riziki,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama yako. Sisi ni wazima. Sukari yangu imetulia tangu daktari abadilishe dozi, na mdogo wako Amani ameanza tena mpira baada ya kifundo chake kupona.

Swali lako la Jumapili sikulijibu. Uliniuliza kwenye simu, "Baba, nikisomea haki jinai, yale masomo ya sheria za uhalifu na kazi ya polisi, hapa chuo cha jamii cha miaka miwili, halafu nikaingia polisi, nitakuwa nimewasaliti watu wetu?" Nikakuambia mtandao unakatika. Haukuwa unakatika, mwanangu. Nilikosa neno la kusema, na mama yako alikuwa amekaa mbele yangu machozi yanamlengalenga. Ndiyo maana naandika. Kwenye karatasi hakuna wa kunikatiza, hata mimi mwenyewe.

Najua neno "kusaliti" umelitoa wapi. Tarehe 13 Aprili 2022 tulikaa wote sebuleni tukaitazama ile video ya Patrick Lyoya. Mkongo mwenzetu, ambaye familia yake ilifika Marekani mwaka 2014 ikikimbia vita ileile tuliyoikimbia sisi. Asubuhi ya tarehe 4 alisimamishwa hapa hapa mjini kwetu kwa sababu namba ya gari haikulingana na gari lenyewe. Polisi akamuuliza kama anaongea Kiingereza, akajibu ndiyo. Dakika chache baadaye alikuwa amelala kifudifudi kwenye majani mbele ya nyumba ya watu, polisi yuko juu ya mgongo wake, na risasi ikampata kisogoni. Alikuwa na miaka 26, umri ulio nao wewe leo. Mwezi Mei 2025 jopo la raia waliosikiliza kesi ya polisi huyo halikuafikiana, na mwendesha mashtaka akatangaza kwamba hatairudia. Namba ya gari, mwanangu. Jambo la kuandikiwa faini na kwenda nyumbani.

Mimi kilichonikaa zaidi ni baba yake. Alisimama mbele ya waandishi wa habari akamlilia mwanawe kwa Kiswahili, na mtu mwingine akawa anayageuza maneno yake kuwa Kiingereza ili mji uelewe. Nikajiuliza: mji mzima huu, katika wote waliovaa beji, yuko hata mmoja ambaye angemsikia baba huyu bila mkalimani?

Basi jibu langu ni hili. Hapana, hutakuwa umemsaliti mtu. Nenda kasome. Lakini kuna jambo sijawahi kukuambia, na siwezi kukupa baraka zangu nikiwa nimelificha.

Unajua kwamba kule kambini Kigoma niliwahi kuwa sungusungu. Mlikuwa mkiona fahari, wewe na kaka yako, mkinipigia saluti nikitoka jioni. Wewe ulikuwa na miaka kama minne. Tulikuwa wakimbizi tunaolinda wakimbizi wenzetu usiku, kila mtu na fimbo na filimbi. Mimi nilikuwa na tochi pia, kwa sababu nilikuwa mgeni katika kundi na mgeni ndiye hubebeshwa. Mafunzo yangu yalikuwa mazungumzo ya asubuhi moja chini ya mti. Tuliambiwa tukimkamata mtu tumpeleke kwa polisi wa kituo. Hatukuambiwa tumuulize nini, wala tumshikeje, wala nini hakiruhusiwi hata akiwa mwizi kweli.

Usiku mmoja wa mvua, wizi ulikuwa umezidi katika mtaa wa jirani, tukaona kijana anakwenda mbio na furushi kifuani. Mkubwa wetu akapaza sauti: "Simama!" Hakusimama. Akapiga filimbi. Kijana hata kichwa hakugeuza. Tukamkimbilia, tukamwangusha kwenye tope, na mkubwa wetu akaanza kumpiga. Mimi sikumpiga, Riziki. Kwa miaka mingi nilijitetea kwa neno hilo. Nilisimama na tochi nikamwangazia, ili anayepiga aone pa kupiga.

Yule kijana alikuwa kiziwi. Furushi lilikuwa unga aliotumwa kuazima kwa shangazi yake, naye alikimbia ili usilowe. Mama yake alipofika alipiga magoti kwenye tope akaanza kuuzoa unga kwa viganja, ule usiolowa kabisa, huku akilia. Kijana alipona, ila mkono wake wa kushoto haukunyooka tena. Mimi nilirudisha tochi mwisho wa mwezi, nikawaambia nyumbani kwamba mgongo unaniuma.

Nilimwona tena mara nyingi kwenye foleni ya chakula. Alikuwa ananiangalia, nami natazama chini.

Sasa uelewe kwa nini uliponitajia masomo hayo sikuogopa kama mama yako anavyoogopa. Yeye anaogopa utauawa. Anaogopa pia kwamba kanisani watanyamaza ukiingia. Hofu zake ni za kweli na usizibishie. Hofu yangu mimi ni tochi.

Jumatatu nilimwomba Amani anichukulie maktaba kitabu kinachofundishwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa fani hii. Ni kinene kama Biblia. Kwa jioni mbili amekuwa akinisomea na kunifasiria, na pale anapokwama tunaitafuta maana pamoja kwenye simu. Kumbe hata wao wenyewe Wamarekani waliona kwamba beji bila shule ni hatari. Mwaka 1967 tume iliyoundwa na Rais Lyndon Johnson ilipendekeza polisi wasome hadi chuo, na mwaka uliofuata ikapitishwa sheria iliyotoa fedha za kuwasomesha. Ndipo madarasa haya yakaenea katika vyuo vya jamii. Kwa hiyo unapokwenda kukaa darasani na muuguzi mtarajiwa na fundi umeme mtarajiwa, usidhani umekwenda mahali pa waliokosa chuo kikubwa. Chuo cha namna hiyo kipo karibu na watu watakaotumikiwa na wahitimu wake.

Kuna kesi moja humo imeninyima usingizi. Mwaka 1984, Charlotte, Carolina Kaskazini, mtu mmoja Mweusi aitwaye Dethorne Graham, mgonjwa wa sukari kama mimi, alihisi sukari inashuka. Akamwomba rafiki ampeleke dukani anunue maji ya machungwa. Akaingia, akaona foleni ndefu, akatoka mbio waende kwingine. Polisi aliyekuwa nje akaona mtu ameingia na kutoka haraka, akashuku. Wakasimamishwa. Rafiki akaeleza kwamba ni sukari. Hawakusikiliza. Wakamfunga pingu, wakamkatalia hata yale maji ya machungwa aliyoletewa, na alipoachiwa ikiwa imebainika dukani hakukuibwa kitu, mguu ulikuwa umevunjika.

Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya nchi, na mwaka 1989 wakaweka kipimo kinachotumika mpaka leo: nguvu ya polisi ipimwe kwa jicho la polisi mwenye busara aliyesimama pale pale, kwa yale anayoyajua wakati ule. Wasipime kwa yale yaliyojulikana baadaye.

Amani alipomaliza kunifasiria nilimwambia arudie. Busara ya nani? Huyo polisi mwenye busara amekulia wapi, amekula na nani, anajua magonjwa gani, amesikia lugha ngapi? Maana anayejua dalili za sukari kushuka anaona mgonjwa pale ambapo mwingine anaona mwizi. Na sungusungu aliyewahi kuishi na kiziwi angepiga hatua tano akamgusa bega yule kijana. Sisi tuliita, hakusimama, na kwa yale tuliyoyajua usiku ule tulijiona tuna busara kabisa. Tatizo lilikuwa kwamba tulijua machache. Hapo ndipo nilipoona wazi kwamba unapaswa kusoma. Wewe uliyekulia kambini, uliyetafsiria bibi yako hospitalini ukiwa na miaka 13, unajua mambo ambayo hayamo katika kitabu hiki. Ukiongezea yaliyomo, basi siku moja atakayesimama pale pale atakuwa ni wewe.

Lakini sitaki nikuandikie mazuri matupu. Tulisoma pia habari za Minneapolis, tarehe 25 Mei 2020. Kila mtu anamkumbuka yule polisi aliyeweka goti shingoni mwa George Floyd mpaka akafa. Mimi nimewafikiria wale vijana wawili waliokuwa naye, waliokuwa na siku chache tu kazini. Mmoja wao, kijana Mweusi, mwalimu wake wa kazi alikuwa huyohuyo mwenye goti. Mwenzake alishika miguu, akauliza kama wamgeuze Floyd alale ubavu. Akaambiwa hapana. Akaendelea kushika miguu. Februari 2022 mahakama ya shirikisho iliwatia hatiani kwa kuacha kumsaidia mtu aliyekuwa akikata roho mikononi mwao.

Na jimbo lile la Minnesota kwa kawaida halimpi mtu leseni ya upolisi bila shahada ya angalau miaka miwili. Walikuwa wamesoma, Riziki. Amani aliponisomea hayo nilimwambia afunge kitabu, twende tukalale.

Yule kijana aliuliza swali zuri. Mimi usiku ule wa unga hata swali sikuuliza. Lakini wote tulikuwa wageni katika kundi, tukamtazama mkubwa, tukangoja yeye aseme basi. Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja katika miaka yako miwili ya chuo. Kila darasa, iwe sheria ya jinai, iwe upelelezi, iwe maadili, mwulize mwalimu: mkubwa wangu akifanya hivi, mimi mgeni wa wiki ya kwanza nasema maneno gani, kwa sauti gani, namshika mkono wapi? Usikubali jibu la jumla. Walimu wengi wa vyuo hivi wamewahi kufanya kazi hiyo wenyewe, wanajua siku walizonyamaza. Waulize hizo. Yafanyie mazoezi maneno hayo mdomoni kwa Kiingereza, mpaka yatoke bila kufikiri, kama ulivyofanyia mazoezi maswali ya uraia.

Ukiona baada ya hapo kwamba mdomo wako hauwezi kuyatoa, usiende chuo cha mafunzo ya polisi. Sitakuhesabia kushindwa. Haki jinai ina milango mingine: mapokezi ya simu za dharura za 911, ofisi za kuwasaidia waliotendewa uhalifu, ukarani wa mahakama, ukalimani. Watu wetu wanahukumiwa huku wakiitikia "yes" kwa kila kitu kwa sababu ya aibu ya kusema sijaelewa. Mkalimani anayejua sheria anaokoa wengi, wala habebi silaha.

Kuhusu fedha, Amani amenisomea mpango wa jimbo uitwao Michigan Reconnect. Kwa mwenye miaka 25 na kuendelea ambaye hajapata shahada, unalipia ada ya chuo cha jamii cha eneo lake. Wewe unaishi Lansing, basi ni chuo cha hapo hapo Lansing. Jaza na fomu ya FAFSA, ile ya kuomba msaada wa serikali wa fedha za masomo, ni bure, usimlipe mtu akujazie. Vitabu nitalipia mimi. Omba zamu ya usiku ibadilishwe kule ghalani mapema, kabla ya muhula, kwa sababu huwezi kusoma sheria ukiwa umesinzia. Na hati yako ya uraia itoe nakala mbili. Michigan inataka polisi awe raia, hivyo siku moja utaombwa.

Mama yako hajakubali. Nilimsomea barua hii hadi mahali pa unga, akainuka akaenda jikoni. Naye hakuwa anajua. Alirudi akauliza yule kijana aliitwa nani. Nikamwambia, nikashangaa kwamba jina bado liko mdomoni. Alikaa kimya, kisha akasema uje Jumamosi, anataka kuzungumza na wewe ana kwa ana, na uje na ile orodha ya masomo aione. Atapika sombe na samaki. Njoo kabla ya saa sita mchana, barabara ya 96 wanaitengeneza na jioni foleni inakuwa mbaya.

Baba yako