Maswali yenu: bastola, kaliba na mnyama aliyejeruhiwa

Barua za mwezi huu zimejaa bastola na wanyama wakubwa. Baadhi yenu mnajiandaa kwenda kuwinda Afrika Kusini, wengine mnaishi Marekani, na wengine mko hapa hapa Nairobi mkiuliza mambo ambayo sheria iliyajibu kabla hamjazaliwa. Sitaeleza tena kwa kirefu tofauti ya rivolva, inayobeba risasi kwenye silinda inayozunguka, na bastola ya magazini, inayozibeba kitakoni; hilo mnalijua. Nianze na la haraka.

Nina Glock ya milimita 9 na leseni yangu iko sawa. Naweza kuwinda swala nayo upande wa Kajiado? (Msomaji, Rongai)

Huwezi. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwezi Mei 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inakataza kuwinda kwa burudani na hata kwa kitoweo. Leseni ya bastola haikupi ruhusa ya kumgusa mnyama yeyote wa porini. Swali hili hunijia kila mara likiwa limebadilishwa mnyama tu: mara ngiri, mara swala, mara digidigi. Jibu ni lile lile. Tafadhali lisirudi.

Mwakani naenda Limpopo, Afrika Kusini, na mwenyeji wangu anaruhusu wageni kuwinda kwa bastola. Nataka nyati. Ninunue .44 Magnum, .454 Casull au .500? (Msomaji, Karen)

Umeanza na kaliba, yaani ukubwa wa risasi, na hapo ndipo wengi mnapopotea. Anza na umbali. Chukua sahani ya karatasi ya sentimita 20 hivi, kama zile za sherehe. Kwa swala pala, eneo la moyo na mapafu halizidi hapo. Ibandike mita 25 na upige risasi tano ukiwa umesimama au umepiga goti, umeegemea fimbo za kupigia kama utakavyofanya porini. Usikae kwenye meza ukalaza mikono juu ya mfuko wa mchanga, maana porini hakuna meza. Zote tano zikiingia kwenye sahani, rudi nyuma mita kumi urudie. Mahali ambapo hata risasi moja itatoka nje, umeshavuka mpaka wako. Kwa wengi niliowafundisha mpaka huo uko chini ya mita 50, na nimeona watu hodari wa mashindano pale uwanja wa shabaha wa Kirigiti ambao wakishikishwa .44 hawafiki 30.

Sasa nguvu. Risasi ya milimita 9 hutoka mtutuni na nishati ya takriban jouli 500. Ile ya .44 Magnum, kaliba ya mwaka 1955, hubeba kati ya 1,000 na 1,500 kutegemea risasi na urefu wa mtutu. .454 Casull hukaribia 2,500, na .500 Magnum ya Smith & Wesson, iliyotoka 2003, hupita 3,400 ikitiwa risasi kali. Ni nguvu nyingi, mpaka uziweke kando ya bunduki ndefu ya .375 H&H ya mwaka 1912, ambayo nchi kadhaa za Afrika zinaihesabu kuwa ndicho kiwango cha chini kabisa kwa nyati. Hiyo hubeba karibu jouli 5,800. Kwa hiyo bastola nzito kuliko zote dukani haifiki pale ambapo bunduki ya nyati inaanzia.

Ushauri wangu ni huu. Safari ya kwanza ya bastola isiwe ya nyati. Nenda na .44 kwa swala pala na ngiri, ndani ya umbali wa sahani yako, na tandala akikupa ubavu wazi kwa karibu. Ukirudi mwaka wa pili na bado unamtaka nyati, shika .454 au zaidi yenye kichwa cha risasi kizito, na mwindaji kiongozi awe begani kwako na bunduki ndefu ya .458 au .470 mkononi. Jua pia kwamba huko damu ikimwagika hata tone, mnyama huyo umemnunua, apatikane asipatikane. Kanuni hiyo naiunga mkono kwa moyo wote.

Kabla ya kutoa pesa yoyote, muulize mwenyeji kama ana bastola ya kukuazima chini ya usimamizi wake. Ukisafiri na ya kwako utahitaji vibali vya kutoka na kurudi nayo hapa nyumbani, pamoja na fomu ya SAPS 520 ya polisi wa kule. Na ukiwa na wazo la kupitia Namibia, lifute: Namibia hairuhusu kuwinda kwa bastola.

Risasi yenye tundu mbele si ndiyo inayoua haraka? (Msomaji, South B)

Kwa mwili wa binadamu ndiyo, maana ilitengenezwa kwa ajili yake. Inafunguka kama uyoga na kusimama ndani ya sentimita 30 hadi 45 za nyama laini. Bega la pofu au nyati si nyama laini. Kuna ngozi nene, tope lililokauka juu yake, misuli, kisha mfupa, na mapafu yako nyuma ya vyote hivyo. Risasi iliyokwisha kufunguka kwenye ngozi hufika mfupani ikiwa imechoka. Kwa bastola na mnyama mkubwa tafuta kichwa cha risasi kizito, kigumu, chenye ncha bapa, kinachokwenda moja kwa moja bila kupasuka. Kwenye .44 usishuke chini ya uzito wa greni 240, na mimi ningechukua 300. Kwa bastola unahitaji matundu mawili, la kuingilia na la kutokea, kwa sababu tundu la kutokea ndilo linalomwaga damu chini, na damu hiyo ndiyo njia pekee ya kumfuata mnyama.

Risasi ya .45 Colt inaingia kwenye rivolva ya .454 Casull? (Msomaji, Ngara)

Inaingia na inapigika vizuri, ila sugua silinda baadaye, maana masizi huganda mbele ya chumba cha risasi. Kinyume chake usijaribu kamwe: .454 ndani ya rivolva ya .45 Colt ni bomu mkononi.

Bell wa Karamoja aliua tembo wengi kwa kaliba ndogo. Kwa nini nyinyi wataalamu mnatisha watu na makaliba makubwa? (Msomaji, Westlands)

Ndugu yangu, Bell, yule mwindaji wa tembo wa zamani, alitumia bunduki ndefu, .275 Rigby, si bastola. Alitumia risasi nzima zisizofunguka, ambazo kwa urefu na wembamba wake zilipenya fuvu mpaka ndani. Na alichunguza mafuvu ya tembo mpaka akajua ubongo uko wapi kutoka kila upande. Mnamtaja yeye na kuwasahau wale walioiga kaliba yake bila elimu yake, wakaacha tembo wenye risasi mwilini wakizunguka na maumivu na kuua watu vijijini. Mtu anayetaka kuiga Bell aanze na kusoma mifupa.

Darubini kwenye bastola, ndiyo au hapana? (Msomaji, Embakasi)

Ndiyo kama macho yamechoka, mradi iwe ile ya bastola inayoonekana mkono ukiwa umenyooka. Ya bunduki ndefu itakuonyesha giza tupu.

Shikamoo mjomba. Niko Dallas na kaka zangu wa kazini wananialika kuwinda nguruwe mwitu. Nina bastola ya 10mm. Inatosha, au watanicheka? (Msomaji wa kike, Texas)

Marahaba binti yangu. Inatosha, na wasikucheke. Tangu 2019 Texas haidai leseni ya uwindaji kwa nguruwe mwitu kwenye ardhi ya mtu binafsi, mradi mwenye shamba amekubali. Omba ruhusa hiyo wewe mwenyewe, usiambiwe tu na rafiki. Tia risasi nzito isiyofunguka haraka, kwa sababu dume mzee ana gamba gumu la ngozi juu ya mabega. Mpige akiwa ubavu, nyuma kidogo ya mguu wa mbele na chini ya katikati ya mwili, na umbali usizidi ule wa sahani niliyoieleza hapo juu.

Mambo mawili hukuuliza lakini nakuambia. Vaa kinga za masikio hata porini. Mtutu mfupi huharibu usikivu kwa mlipuko mmoja tu, na usikivu haurudi. Na siku wakikualika kwa paa badala ya nguruwe, sheria zinabadilika: leseni inahitajika, na .22 ya kawaida hairuhusiwi.

Unaunga mkono uwindaji urudishwe Kenya? (Msomaji, Kilimani)

Hapana. Najua hoja ya upande wa pili, na ina uzito: wanyama wetu walipungua kwa wastani wa asilimia 68 kati ya 1977 na 2016, marufuku ikiwepo. Marufuku peke yake haikuwaokoa, kwa sababu ardhi iligawanywa, nyua zikajengwa na mitego ya waya ikatapakaa. Lakini kuongeza bunduki hakurudishi ardhi. Na tumeona 2023 na 2024 tembo wakubwa wa Amboseli, wenye pembe za kugusa nyasi, wakipigwa risasi walipovuka kwenda Tanzania. Tembo wa namna hiyo huchukua miaka zaidi ya 40 kukua. Hakuna ada ya uwindaji inayolipa miaka hiyo.

Nyati wanaingia shambani kwa wazazi wangu Laikipia usiku. Nina bastola ya 9mm yenye leseni. Nikimpiga mmoja kichwani wengine hawatarudi, sivyo? (Msomaji, Kasarani)

Sivyo, na barua yako imenikosesha usingizi. Nyati dume ana ngao ya pembe juu ya paji la uso iliyo nene kuliko mkono wako. Risasi ya 9mm itakwama hapo au iteleze. Atageukia mwanga wa tochi yako, au atakimbilia vichakani akiwa na maumivu.

Nikueleze kinachofuata, kwa sababu asubuhi mtu atalazimika kufuata nyayo zile. Damu nyekundu yenye povu juu ya majani ni ya mapafu, na mnyama huyo hafiki mbali. Damu nyeusi nyeusi ni ya ini. Huyo atalala baada ya muda, lakini yu hai. Ukikuta majimaji yenye vipande vya nyasi zilizotafunwa na harufu ya samadi, risasi imepita tumboni, na nyati huyo anaweza kuishi siku nzima. Huzunguka, hurudi kando ya njia yake mwenyewe, akasimama kwenye kichaka akikitazama kijia alichopitia. Wewe utakuwa umerudi Kasarani. Atakayepita hapo ni mama anayetafuta kuni au mtoto anayepeleka mbuzi malishoni.

Piga simu Shirika la Wanyamapori, KWS, kituo kilicho karibu. Wana askari wa kushughulikia wanyama wasumbufu, wenye bunduki zinazofaa. Wazazi wasitoke nje kukagua, hata mahindi yakiliwa yote. Kukicha piga picha za nyayo na mimea iliyoharibiwa, zenye tarehe, mwite chifu aone, kisha mjaze fomu za madai kwa kamati ya kaunti ya fidia. Sheria ya 2013 inatambua hasara ya mazao, na kwa kifo cha mtu imeweka shilingi milioni 5. Najua malipo yamekuwa yakicheleweshwa miaka na miaka, na hilo ni aibu ya serikali ambayo nitaendelea kuiandikia. Bado dai. Dai lisiloandikwa halilipwi kabisa.

Rivolva yangu ya .44 inanipiga teke mpaka nafumba macho. Ninunue kitako kikubwa zaidi? (Msomaji, Lavington)

Kitako cha mpira kinachojaza kiganja kitasaidia kidogo. Kwanza tupime. Mpe mwenzako rivolva ajaze silinda bila wewe kuona, achanganye maganda matupu na risasi hai. Piga shabaha yako kama kawaida. Nyundo itakapoangukia ganda tupu, mtutu ukiinama kwa ghafla, ugonjwa uko mkononi mwako wala si kwenye kitako. Rudi kwenye .44 Special, inaingia rivolva hiyo hiyo, na uipige kwa miezi kadhaa mpaka mtutu utulie kwenye ganda tupu. Na vidole vya mkono wa pili viwe nyuma ya silinda kila wakati. Gesi inayotoka kwenye ule mwanya mdogo kati ya silinda na mtutu hukata nyama.